Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mtu na Mfumo katika Tamthilia ya Televisheni ya Alaska Daily

Utangulizi

Tamthilia za televisheni zinazosawiri maisha ya waandishi wa magazeti aghalabu hazijaliwi umri mrefu. Lou Grant, iliyoonyeshwa na shirika la CBS la Marekani kuanzia 1977 hadi 1982, ni kighairi kinachojulikana sana. Deadline, iliyobuniwa na Dick Wolf na kuonyeshwa na NBC mwaka 2000, haikuuona msimu wa pili. Press, iliyoandikwa na Mike Bartlett na kuonyeshwa na BBC ya Uingereza mwaka 2018, ilikoma baada ya vipindi 6. Makala haya yanaichunguza nyingine katika mkumbo huo, yaani Alaska Daily, iliyobuniwa na Tom McCarthy na kuonyeshwa na shirika la ABC la Marekani kati ya tarehe 6 Oktoba 2022 na tarehe 30 Machi 2023. Tamthilia hiyo ilidumu kwa msimu mmoja wa vipindi 11, na mnamo Mei 2023 shirika hilo likatangaza kwamba halingeiendeleza.

Ni rahisi kukieleza kifo cha tamthilia ya aina hii kwa idadi ya watazamaji peke yake. Maelezo hayo humtosha mwenye biashara, lakini kwa mhakiki yanaliacha swali la msingi bila jibu: je, kazi yenyewe ilikuwa inajaribu kufanya nini, na ni kitu gani katika umbo lake kilichoisaidia au kuizuia? Tutadai humu kwamba Alaska Daily ilichukua maudhui yanayohusu mfumo na kuyatia katika fani inayodai mtu: mtu mmoja wa kulaumiwa, na mtu mmoja wa kushangiliwa. Mvutano huo kati ya maudhui na fani ndio uliotawala msuko, uchoraji wa wahusika, na hatimaye maana ya kazi nzima. Hata hivyo, tutaonyesha pia kwamba pembezoni mwa msuko mkuu tamthilia hii ilikuwa imeanza kuunda aina nyingine ya usanii, ambayo haikupewa nafasi ya kukomaa.

Chimbuko la Kisa

Alaska Daily ina chimbuko katika habari za kweli. Mwezi Mei 2019 gazeti la Anchorage Daily News, likishirikiana na shirika la habari za uchunguzi la ProPublica, lilianza kuchapisha mfululizo wa makala ulioitwa Lawless, mwandishi wake mkuu akiwa Kyle Hopkins. Jimbo la Alaska lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.7, yaani karibu mara tatu ya Kenya, ilhali wakazi wake hawafiki milioni moja. Vijiji vingi havina barabara inayoviunganisha na miji mikubwa, hivi kwamba askari wa jimbo anapoitwa hulazimika kupanda ndege ndogo, na hali ya hewa ikiwa mbaya huchelewa au hafiki kabisa.

Uchunguzi huo ulibaini kwamba jumuiya moja katika kila tatu haikuwa na askari polisi wa aina yoyote wa mahali hapo. Takriban zote zilikuwa jumuiya za wenyeji asilia. Katika kijiji cha Stebbins ilidhihirika kwamba askari wote 7 waliokuwa kazini mwezi Julai 2019 walikuwa wamekiri mahakamani makosa ya ukatili wa nyumbani katika muda wa miaka kumi iliyotangulia. Tarehe 28 Juni 2019 Mwanasheria Mkuu wa Marekani wa wakati huo, William Barr, alitangaza hali ya dharura ya ulinzi wa sheria katika maeneo ya mashambani ya Alaska na kutoa zaidi ya dola milioni 10. Mwaka 2020 mfululizo huo ulishinda Tuzo ya Pulitzer ya huduma kwa umma. Ilikuwa mara ya tatu kwa gazeti hilo kuipata tuzo ya kitengo hicho, baada ya 1976 na 1989.

Tumeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanatuonyesha asili ya tatizo la kisanaa lililomkabili McCarthy. Ugunduzi mkuu wa waandishi wale ulikuwa ugunduzi wa kitu ambacho hakipo. Askari hayupo. Simu inapigwa na hakuna anayefika. Mwathiriwa yupo na mkosaji wake yupo, lakini kinachowakutanisha tena na tena, kijiji hadi kijiji, ni pengo lililochimbwa na maamuzi mengi madogo ya bajeti, ya utawala na ya historia, yaliyofanywa na watu wengi kwa miaka mingi. Pengo la namna hiyo halina uso. Gazeti linaweza kulionyesha kwa orodha, kwa ramani na kwa hesabu. Je, drama italionyesha kwa nini?

Mgeni na Mwenyeji

Jibu la kwanza la tamthilia ni kumleta mgeni. Eileen Fitzgerald, anayeigizwa na Hilary Swank, ni mwandishi mashuhuri wa gazeti la kubuniwa la New York. Anaanguka baada ya habari yake kuhusu jenerali aliyependekezwa kuwa waziri wa ulinzi kutiliwa shaka. Mhariri aliyewahi kufanya kazi naye, Stanley Cornik, anamwalika katika gazeti lake dogo la Anchorage, The Daily Alaskan, ili achunguze visa vya wanawake wa jamii za wenyeji waliouawa au kutoweka. Huko anaunganishwa na Roz Friendly, mwandishi kijana wa jamii ya wenyeji asilia anayeigizwa na Grace Dove, na kwa pamoja wanakifuatilia kifo cha msichana aitwaye Gloria Nanmac.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii inaweza kusomwa kama muhtasari wa msuko mzima. Kabla ya mgeni kufika, wenyeji wana maarifa lakini hawana nguvu. Akishafika, maarifa yao yanapata mdomo. Roz anakifahamu kisa cha Gloria kabla ya Eileen kuisikia hata jina lake. Anazijua familia, anaujua ukimya wao na sababu zake. Lakini kwa mpangilio wa matukio, ujuzi huo unakuwa habari pale tu Eileen anapoubisha mlango.

Kwa haki, waandishi wa tamthilia hawakuwa vipofu kwa jambo hili. Miongoni mwao walikuwamo Vera Starbard na Andrew Okpeaha MacLean, wasanii wa jamii za wenyeji wa Alaska. Tena na tena Roz anamkabili Eileen na kumkosoa kwa kiburi chake, kwa haraka yake, na kwa mazoea ya watu wa mbali ya kuja, kuchota huzuni ya watu, kisha kuondoka. Mazungumzo haya ni miongoni mwa sehemu zenye nguvu zaidi katika kazi hii. Mtu anaweza basi kutoa hoja kwamba tamthilia imekwisha kujijibu: kwamba Eileen ni daraja la kumwingiza mtazamaji wa nje, na kwamba mwenyeji amepewa sauti ya kuvuruga raha ya mtazamaji huyo.

Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Lazima tutofautishe ukosoaji ulioko katika mazungumzo na ukosoaji ulioko katika muundo. Alaska Daily inajikosoa kwa mdomo lakini haijikosoi kwa msuko. Roz anasema maneno ya haki, kisha tukio linalofuata linamrudishia Eileen usukani. Jeraha linalotufungulia kisa ni la Eileen. Hofu inayomshika ghafla na kumkata pumzi, ambayo kamera huifuata kwa ukaribu, ni yake. Swali la iwapo atarejeshewa heshima New York ni lake pia. Hivyo basi pana hadithi mbili za kupona zinazokwenda sambamba, moja ya mwandishi na nyingine ya jumuiya, na ile ya mwandishi ndiyo iliyopewa nafsi. Methali yetu imegeuka ndani nje: mwenyeji amekuwa dawa na mgeni ndiye anayepona.

Hapa inafaa kuikumbuka filamu ya McCarthy mwenyewe, Spotlight ya 2015, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora. Filamu hiyo inahusu uchunguzi wa gazeti la Boston Globe juu ya mapadre waliowadhulumu watoto na kanisa lililowaficha. Nayo ina mgeni: Marty Baron, mhariri mpya anayetoka Miami na kuliona jambo ambalo wenyeji walikuwa wamelizoea. Lakini Baron anakaa pembeni. Kazi inafanywa na kikundi cha wenyeji, na aibu ya kutoliona jambo mapema inabaki kuwa yao. Muhimu zaidi, Baron anakataa habari isimame kwenye majina ya mapadre binafsi. Anawataka waandishi wathibitishe namna taasisi yenyewe ilivyofanya kazi. Filamu inamalizika kwa simu zinazolia mfululizo na orodha ndefu ya miji, bila mtu yeyote kutiwa pingu. Msanii aliyeuelewa mfumo kwa kiasi hicho mwaka 2015 ndiye yule yule aliyeishia kuhadithia mauaji ya mtu mmoja mwaka 2022. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa upungufu wa ufahamu wake. Yatupasa kuitafuta katika utanzu.

Mahitaji ya Utanzu

Drama ya kila juma katika mashirika makubwa ya televisheni ya Marekani imejengwa kwa muda mrefu juu ya kisa cha upelelezi. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili anaufahamu utanzu huu vyema tangu enzi za Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla: kunatokea kosa, anakuja mtu mwenye jicho kali kuliko wengine, dalili zinakusanywa, siri inafichuliwa. Utanzu huu una ahadi yake kwa hadhira. Unaahidi kwamba uovu una mwenyewe, na kwamba akishajulikana mambo hurejea mahali pake.

Tatizo ni kwamba mfululizo wa Lawless uliikanusha ahadi hiyo. Huko mkosaji mara nyingi alijulikana tangu siku ya kwanza. Mwathiriwa alimjua, jirani alimjua, kijiji kizima kilimjua. Kilichokosekana ni mtu wa kumwendea na kumkamata. Siri ya nani katenda haikuwapo. Palikuwa na swali chungu zaidi, yaani kwa nini jambo linalojulikana na wote halimfanyi yeyote kuchukua hatua. Tamthilia ilipolihamisha swali kutoka "kwa nini hakuna aliyefika?" hadi "ni nani aliyemuua Gloria?" ilipata taharuki, na wakati huo huo ikapoteza ugunduzi. Msimu unamalizika kwa siri ya kifo hicho kufumbuliwa. Kwa kanuni za utanzu, deni limelipwa. Kwa mujibu wa maudhui, hakuna kijiji hata kimoja kilichopata askari.

Mfano mwingine unaipa nguvu hoja hii. Kipindi kimoja kinaitwa "Enemy of the People", yaani adui wa umma, kauli ambayo Donald Trump aliitumia dhidi ya vyombo vya habari mwaka 2017. Katika kipindi hicho msomaji mwenye chuki na gazeti anaingia katika chumba cha habari akiwa na silaha na kumtisha Eileen. Yeyote aliyesoma fasihi ya tamthilia hawezi kulisikia jina hilo bila kumkumbuka Henrik Ibsen, aliyelitumia mwaka 1882. Kwa Ibsen, Daktari Stockmann anagundua kwamba maji ya bafu za umma yana sumu. Gazeti lililoahidi kuichapisha taarifa yake linageuka mara tu gharama inapotajwa. Mhariri, mpiga chapa, wenye nyumba na ndugu yake mwenyewe aliye mkuu wa mji, kila mmoja ana sababu yake ndogo inayoeleweka, na jumla ya sababu hizo ndiyo inayomponda Stockmann. Chuki dhidi ya ukweli imesawiriwa kama mtandao wa masilahi. Katika Alaska Daily chuki hiyo hiyo, ambayo ni jambo la kisiasa la taifa zima, imefumbatwa katika mtu mmoja mpweke mwenye bunduki. Tunamwogopa, tunamhurumia kidogo, kisha hatari inapita. Kwa mara nyingine mfumo umepewa uso, na uso ukishaondoka tunadhani mfumo nao umeondoka.

Georg Lukács alitufundisha kwamba mhusika wa kiwakilishi katika sanaa ya uhalisia hukusanya ndani yake nguvu za kijamii zinazopingana, bila kuacha kuwa mtu kamili. Kwa hiyo kumpa mfumo uso wa mtu si kosa kwa asili yake. Sanaa ya masimulizi haina njia nyingine. Kosa huwa pale uso huo unapoyameza mahusiano yaliyouzaa. Muuaji wa Gloria na mtu mwenye bunduki ni wahusika wa namna hiyo: wanaeleza kitendo, hawaielezi hali.

Chumba cha Habari kama Mhusika

Hata hivyo, pembeni ya msuko mkuu kuna tamthilia nyingine, tena bora zaidi. The Daily Alaskan limepungukiwa na wafanyakazi na sasa liko katika safu ya maduka, mahali ambapo mpita njia hawezi kudhani pana gazeti la jimbo. Kwa kufanya hivyo wasanii waliyaweka mandhari yenyewe yaseme lile ambalo mazungumzo yangelisema kwa uzito. Gazeti halisi lililotoa chimbuko lilikuwa limefilisika mwaka 2017 kabla ya kununuliwa na familia ya Binkley, na uchunguzi ulioshinda tuzo ulifanywa miaka miwili tu baada ya hapo.

Ndani ya ofisi hiyo duni tunakutana na Claire Muncy, Gabriel Tovar, Yuna Park na wenzao. Wanafuatilia habari za mji wao: habari ambazo aliye mbali angeziona ndogo, ila kwa mwenyeji ndizo maisha yenyewe. Hakuna kati yao aliye shujaa. Wanapiga simu na kukatiwa. Wanahoji watu watakaokutana nao sokoni kesho yake. Swali la maadili kwao halina fahari: je, nitaiandika habari itakayomwumiza jirani yangu, nami nitaendelea kuishi hapa?

Katika matukio haya chumba cha habari kinakuwa mhusika mmoja wa jumla. Ukweli unatokea kama matokeo ya kazi ya wengi, ambapo mmoja anapata jina, mwingine anapata tarehe, na mhariri anazuia sentensi isiyothibitishwa. Hapa fani imeanza kuyakaribia maudhui, kwa maana kama pengo lilichimbwa na mikono mingi, inastahili pia kufichuliwa na mikono mingi. Tunaamini kwamba kama upande huu ungekuwa kitovu, na kama Roz angekuwa ndiye mwenye jicho linalotuongoza, tungekuwa na kazi ya namna nyingine.

Kwamba jambo hilo linawezekana katika televisheni limekwisha kuthibitishwa. Msimu wa tano wa The Wire, ulioonyeshwa na HBO mwaka 2008, ulikiweka chumba cha habari cha Baltimore Sun katikati ya mji wenye vifo visivyoandikwa. David Simon, aliyewahi kuwa mwandishi wa gazeti hilo, alionyesha jinsi gazeti linavyoweza kumtunuku mwandishi mwongo wakati mambo makubwa ya mji yakipita bila kuonwa. Mwigizaji aliyeibeba nafsi ya mwongo huyo, Scott Templeton, alikuwa Tom McCarthy mwenyewe. Lakini The Wire haikuwa na lazima ya kulifunga kosa la juma hili kabla ya juma lijalo, na mtandao wake ulikuwa wa kulipiwa na watazamaji, bila kuvunjwavunjwa na matangazo.

Wakati wa Gazeti na Wakati wa Televisheni

Nukta hii ya mwisho inatufikisha kwenye suala la wakati. Katika kitabu chake cha 1974 kuhusu televisheni, Raymond Williams alieleza kwamba tajiriba ya kutazama haijengwi na kazi moja moja, bali na mtiririko wa vipindi, matangazo na vionjo vinavyomshikilia mtazamaji jioni nzima. Kazi inayoingia katika mtiririko huo hulazimika kuushika mwendo wake. Uandishi wa uchunguzi una mwendo tofauti kabisa. Ni miezi ya kungoja barua ijibiwe, ni nyaraka zinazokataliwa na kuombwa tena, ni mtu aliyenyamaza mwaka mzima akaja kusema siku moja.

Alaska Daily ilinaswa kati ya nyakati hizi mbili. Ilikatika Novemba 2022 na haikurejea hadi Machi 2023, na kisa kilichotegemea kumbukumbu ya mtazamaji kikabidi kianze kumkumbusha upya. Kusifiwa kwa uigizaji wa Swank, aliyependekezwa kwa tuzo ya Golden Globe, hakukuiokoa. Tusilifanye jambo hili kuwa kisa cha kusikitikia tu, kwani kuna kinaya ndani yake. Tamthilia iliyotaka kutuonyesha kwamba kazi ya gazeti inadai subira na fedha zisizorudi haraka ilihukumiwa kwa kipimo kile kile kinachoyaua magazeti.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba udhaifu mkuu wa Alaska Daily haukutokana na nia wala na ufahamu wa wasanii wake. Ulitokana na fani iliyorithiwa bila kuhojiwa vya kutosha, fani inayotaka siri ifumbuliwe na mtu mmoja na lawama imwangukie mtu mmoja. Nguvu yake ilikuwa katika sehemu zilizoonekana ndogo: ofisi katika safu ya maduka, kazi ya pamoja, na sauti ya Roz inayokataa kugeuzwa ushahidi katika hadithi ya mtu mwingine.

Kwa wanafunzi wa drama, funzo lililopo ni la kinadharia. Kila mara msanii anapochukua dhuluma iliyotokana na mpangilio wa jamii na kuitungia kisa, hana budi kuamua ni swali lipi litakalomvuta mtazamaji hadi mwisho. Akiuliza nani katenda, atapata jibu, na mtazamaji atalala usingizi. Akiuliza kwa nini hakuna aliyefika, huenda asipate mwisho mzuri, lakini atakuwa amekitazama kitu chenyewe. Waandishi wa Anchorage waliuliza swali hili la pili katika makala yao ya 2019. Bado linangoja tamthilia itakayothubutu kuliuliza tangu kipindi cha kwanza hadi cha mwisho, tena kwa kinywa cha mwenyeji.